Naita Mtu

Mzee Machage aliilalia ngozi ya Dereva miaka sita kabla hajaikata. Dereva alikuwa maksai wake wa mbele, mwekundu, pembe moja imepinda, na alipewa jina hilo kwa sababu akishafungwa jembe hakuhitaji kuelekezwa. Alipokufa kwa uzee, mzee alikataa ngozi yake isiuzwe. Akaiwamba, akaikausha, akaifanya godoro, na kila aliyepita nyumbani kwake kule Nyanungu alisimuliwa habari za Dereva hata kama alikuja kuulizia njia tu. Mkewe, Ghati, alikuwa akisema mume wangu ana wake wawili, na mwenzangu alikuwa na mkia.

Sasa, Oktoba ya mwaka 1974, alikuwa amechuchumaa kwenye kiwanja namba arobaini na moja cha kijiji kipya cha ujamaa, akiikata ngozi hiyo kwa kisu. Alianzia ukingoni akazunguka kuelekea katikati, upana wa kidole gumba, ili atoe ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Lori lililowaleta lilikuwa limeshaondoka. Lilishusha watu watatu: yeye, Robi mke wa mwanawe, na mtoto wa Robi mwenye wiki tatu. Likashusha na vyungu, jiwe la kusagia, fito, kuku wanne waliofungwa miguu, na mlango wa mbao ambao mzee aliung'oa kwenye nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Kisha utingo akazikusanya kamba zote za katani zilizofungia mizigo. Mzee alimwomba abakize walau moja. Utingo akajibu kwamba kamba ni mali ya gari. Gari lenyewe halikuwa lake, lakini kamba alizitetea utadhani alirithi kwa babu yake.

Kijiji kiliwapa turubai, si nyumba. Kijiji chenyewe kilikuwa vigingi tu, vimepigwa mistari iliyonyooka kwenye mbuga tupu isiyo na mti wa kukinga chochote. Aliyekipima alikipimia kwenye karatasi, na kwenye karatasi hakuna upepo. Viwanja arobaini na mbili na arobaini na tatu vilikuwa bado havina watu. Jirani wa karibu alikuwa Benedicto, mtu wa Genkuru, na mkewe Efrazia, kwenye kiwanja arobaini na nne, hatua kama mia mbili hivi.

Jua la siku hiyo lilikuwa likimchoma mtoto, kwa hiyo mzee alifanya haraka. Alisimamisha nguzo nne fupi pembeni na moja ndefu katikati, akafunga fito juu, akatandaza turubai, akapitisha ukanda wa Dereva kwenye matundu ya chuma na kuukaza kwenye vigingi. Ardhi ya mbuga ilikuwa ngumu kama tofali. Shimo la nguzo ya katikati lilifika kiasi cha dhiraa moja, jembe likakataa. Akashindilia mawe, akajiambia kesho atalichimba vizuri zaidi.

Jambo la pili alilojiambia lilihusu ukanda. Ngozi ikilowa hulegea, hilo analijua kila mtu aliyewahi kufunga ndama kwenye mvua. Ikikauka ndiyo hukaza. Lakini kule Nyanungu, alikobaki Ghati, zilining'inia kamba tatu za katani zilizoviringwa, mpya, na Ghati angezileta kwa safari ya pili ya lori. Ukanda ulikuwa wa siku moja, mbili. Na mbingu zilikuwa safi.

Jioni Robi aliingia ndani, akatandika nyasi na mkeka, akapanga mafiga matatu, akawasha moto. Kuanzia hapo mambo yalikuwa mengine. Mzee Machage hakuweza kuingia tena humo, kwa sababu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Haoni anapolala. Hamtaji jina mbele yake, naye mwanamke hamwiti wala hamsemeshi uso kwa uso. Mzee hakuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya anavyofikiria kwamba mtu hula kwa mkono. Yeye alijilaza nje, chini ya mlango wake wa mbao aliouegemeza kwenye vijiti viwili.

Asubuhi katibu wa kijiji, kijana mmoja aliyeitwa Nikodemo, alipita na daftari lake akamkuta anajipukusa umande.

"Shikamoo mzee. Mbona umelala nje?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mle ndani kuna mwenyewe."

"Lakini hii si nyumba, mzee wangu. Hili ni turubai tu. Ingia ujikinge."

Mzee alicheka, akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka pembeni. "Unaona moto? Unaona mafiga? Hiyo ni nyumba ya mtu. Wewe mama yako hakukufundisha?"

Katibu naye akacheka, akaandika kitu, akaenda zake.

Kilichombana mzee ni nguzo ile. Kesho ilikuwa imefika na hangeweza kuigusa. Alimwomba Benedicto, ambaye hakuwa mkwe wa mtu pale na angeweza kuingia bila neno, aje aichimbie. Benedicto akasema kwa moyo mmoja kwamba atakuja, ila wanaume wote walikuwa wameitwa kulima barabara mpaka Ijumaa. Jumamosi asubuhi, mzee, kabla ya chai. Wakaelewana Jumamosi.

Kule Nyanungu, kupeleka maneno kati ya mzee na Robi ilikuwa kazi ya Ghati. Lakini Ghati alibaki kulinda ulezi ghalani mpaka lori lirudi, na lori lililosema litarudi kesho lilikuwa limekufa njiani, gia sijui nini. Mniko, mwana wa mzee na mume wa Robi, alikuwa anakuja kwa miguu na ng'ombe, akizunguka mbali kutafuta malisho. Basi walibaki wawili wasioweza kusemeshana, na katikati yao mtoto wa wiki tatu. Wakamtumia huyo.

"Nyangi," ilisema sauti ya Robi kutoka ndani, "mwambie babu uji uko nje, karibu na jiwe."

"Mama," alijibu mzee, "mwambie mwenye nyumba nimeuona. Na mwambie ameweka chumvi nyingi, anataka kuniua."

Ndani kilisikika kicheko kilichozibwa na nguo.

Alimwita mtoto Mama kwa sababu Nyangi lilikuwa jina la mama yake mzazi, aliyekufa Machage akiwa bado hajaota ndevu. Alikuwa amemwona mtoto mara moja tu, ndani ya lori, upande mmoja wa uso ulipofunuka na upepo, na akaona paji lile lile pana, akageuka akatazama milima ili utingo asimwone macho. Tangu hapo alimsikia tu. Alijua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Kila asubuhi alikohoa nje ya turubai kisha akauliza, "Mama, umeamkaje?" na kama mtoto alitoa sauti yoyote ile, hata chafya, siku yake ilianza vizuri. Tuseme ukweli: Mzee Machage, aliyeililia nyumba yake na matita ya nyasi aliyoyaezeka, alikuwa na furaha siku zile tatu kwenye kiwanja kile cha hovyo. Alikuwa anazungumza na mama yake.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Baada ya saa nane mchana upepo ulinyamaza kabisa, kuku wakajikusanya chini ya mlango wa mbao, na upande wa ziwa mbingu ikawa nyeusi yenye ukijani chini yake. Mzee alijua hiyo ni mvua ya mawe. Alizunguka turubai, akakagua vigingi kimoja kimoja, akavipiga kwa jiwe, akakaza ukanda mpaka turubai likalia kama ngoma. Akaomba iwe mvua ya kupita.

Upepo ulitangulia. Ulikuja mbugani bila kitu cha kuuzuia, ukajaa chini ya turubai na kulinyanyua, na ukanda ukashika. Mzee akasema kwa sauti, "Vizuri, Dereva." Kisha mawe yakaanza, na baada ya mawe maji.

Haikuchukua muda. Aliuona ukanda ukibadilika rangi, ukawa mweusi, ukawa laini. Alikaza kigingi cha upande wa upepo, akageukia cha pili, na aliporudi cha kwanza kilikuwa kimelegea tena kiasi cha kiganja. Akakaza. Ukalegea. Alikuwa anakimbia huku na huku mawe yakimpiga kichwani, mzee wa miaka sitini na kitu, akiitukana ngozi aliyokuwa akiisifia miaka yote. Mwishowe aliufungua ukanda kwenye kigingi cha upande wa upepo, akajizungushia kiunoni, akakita visigino kwenye tope, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Hapo turubai likatulia.

"Nyangi!" Sauti ya Robi ilikuwa juu. "Mwambie babu nguzo inacheza!"

Ile ardhi ngumu kama tofali ilikuwa imeshakuwa uji. Maji yalikuwa yameingia kwenye shimo la dhiraa moja, na mawe yaliyoshindiliwa yalikuwa yanaelea tu humo kama maharage sufuriani.

"Mama, mwambie aishike!" alipiga kelele mzee. "Aishike, mimi nimeshika huku!"

Wakashika. Yeye nje, Robi ndani, na hawakuonana. Mzee alisikia kila upepo ukipita kwenye ukanda mpaka mifupani. Alisikia mtoto akilia, na hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo.

Kisha Robi aliita tena, na safari hii hakulitaja jina la mtoto.

"Kuna mtu huko nje? Nimeshika nguzo, siwezi kuiachia! Mtoto yuko chini, hapa chini ya nguzo! Kuna mtu?"

Kutoka alipokuwa mzee mpaka kwenye gunia lililoning'inia mlangoni zilikuwa hatua tatu. Alizihesabu baadaye, mara nyingi kuliko inavyofaa mtu kuhesabu kitu. Kuingia, kuinama, kumwokota mtoto, kutoka. Hata turubai lingeruka, liruke. Aliligeukia gunia lile akaliona linavyopigapiga, na ndani yake, kwa upenyo mwembamba, aliona ukingo wa mkeka wa Robi.

Wanaomsimulia vibaya husema aliogopa wazee. Wazee gani? Walikuwa wametawanywa kwenye malori. Aliogopa kwa ajili ya mtoto. Alifundishwa tangu utotoni kwamba mkwe akivuka kizingiti kile, ubaya haumpati yeye, unampata aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Aliamini hivyo jinsi alivyoamini kwamba ngozi ikilowa hulegea. Aliona akiingia anamuua Nyangi kwa mkono wake.

Na anayeweza kuingia, Efrazia, alikuwepo, hatua mia mbili.

"Naita mtu!" alipiga kelele. "Shika hapo! Naita mtu!"

Akajifungua ukanda kiunoni, akauzungusha kwenye kigingi mara nne, akapiga fundo la kufungia fahali, akakimbia.

Alianguka mara mbili. Efrazia alimwona kutoka mbali na hakusubiri maelezo. Alitupa ungo aliojikingia mvua, akajifunga kanga, akampita mzee katikati ya kiwanja arobaini na tatu kana kwamba yeye mzee amesimama. Mzee akageuka kumfuata. Ndipo alipoliona turubai likinyanyuka upande wa upepo, taratibu, likijaa, ukanda ukivutika na kurefuka kutoka kwenye fundo, mpaka kona ikachomoka na kila kitu kikaenda upande mmoja.

Efrazia aliingia chini ya lile rundo akitambaa. Mzee alifika akasimama. Hata hapo alisimama nje, mikono imening'inia, mvua ikimshukia, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sasa si nyumba tena. Alisikia fito zikivunjwa. Alisikia Robi akisema, "Niliishika, niliishika, imenishinda," akirudia tu. Alisubiri kilio cha mtoto. Alisubiri kilio cha aina yoyote. Mvua ilipopungua alisikia matone yakidondoka kwenye turubai, na Efrazia akianza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, na akajua.

Walimzika Ijumaa asubuhi pembeni ya kiwanja, na Benedicto, aliyeruhusiwa kuacha barabara kwa ajili ya msiba, ndiye aliyechimba. Ardhi ilikuwa imelainika, jembe liliingia bila shida. Mzee alipewa kumbeba mtoto kutoka mkononi mwa Efrazia mpaka shimoni, hatua chache. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumshika. Alimtazama lile paji. Alitaka kusema "Mama", ikashindikana.

Saa sita mchana lori likafika. Ghati alishuka na magunia ya ulezi, na begani zile kamba tatu za katani. Alikuwa anatabasamu, amejiandaa na maneno ya kumtania mumewe kuhusu mlango aliouhamisha. Alipoona nyuso za watu, kamba zilimteleza begani moja baada ya nyingine.

Mniko alifika Jumapili na ng'ombe. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho bila kumkatiza. Mzee alieleza yote, hakuficha kitu: shimo, ukanda, hatua tatu, fundo. Alieleza polepole ili kila kosa lionekane. Alitaka mwanawe asimame, atukane, atupe kigoda, amwambie toka mbele yangu.

"Ulifanya sawa, tata," alisema Mniko. Alikuwa analia. "Ungefanyaje? Ulifanya inavyopaswa."

Wazee wa ukoo walipoanza kufika na malori yao, nao walikaa pamoja naye, wakanusa ugoro, wakasema hivyo hivyo. Machage hakuvuka kizingiti. Machage aliita mwanamke, kama inavyopaswa. Ni mvua tu. Walimsifu kabisa. Hakuna kitu kilichomuumiza mzee kuliko sifa hizo, na alizipokea kimya kwa kuinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nyumba mpya ilijengwa kwa udongo na nyasi, nguzo yake ya katikati ikachimbiwa mpaka Benedicto akazama hadi kifuani. Turubai likatakiwa lirudishwe ofisini kwa katibu. Jua lilikuwa limewaka siku kumi mfululizo. Mzee alikwenda peke yake kuokota ukanda wa Dereva, maana hakutaka mtu mwingine aushike.

Kigingi cha upande wa upepo kilikuwa bado wima. Ukanda ulikuwa umekizunguka mara nne, kama alivyouacha, na ulikuwa umekauka. Ulikuwa umeuma ndani ya mti mpaka gome limepasuka. Alijaribu fundo kwa vidole, kisha kwa meno. Halikutikisika. Sasa mtu angeweza kusimamisha ghala kwa fundo lile. Alichuchumaa pale, kucha zinatoka damu, akavuta na kuvuta.

Aliona kivuli. Robi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, amejifunika kanga kichwani, uso ameugeuzia upande, kibuyu cha maji mkononi. Ghati alikuwa mtoni. Mniko alikuwa malishoni. Robi alifungua mdomo, akaufunga. Mzee alijua anatafuta nini: anatafuta wa kumtuma maneno. Na yeye mwenyewe, bila kukusudia, alikuwa tayari ameshalishika ulimini jina la mtoto ili ajibu asante.



"Siku ile," alisema Robi, akikitazama kigingi. Hakuwahi kumsemesha tangu aolewe. "Nilisikia unavyosema. Ulisema unaita mtu."

Mzee aliliachia fundo.

"Mimi nilikuwa nakuita wewe."

Aliweka kibuyu chini, karibu na mkono wake, akarudi ndani ya nyumba. Mzee Machage akalishika tena fundo kwa mikono miwili akavuta, na ukanda wa Dereva haukulegea hata kidogo.